Mlango wa Uani

Mlango wa uani wa nyumba yetu ulianza kufa kutoka chini. Ndivyo ifavyo milango mingi ya mbao katika mji huu: maji ya kuoshea vyombo huirowesha, mchwa hufuata unyevu, na siku uuonapo ufa wa kwanza ujue ndani hamna mbao tena, mna unga. Kwa muda wa miaka miwili nilikuwa nikijiambia kwamba nitaubadilisha baada ya mvua. Vuli ikapita, masika yakapita, na mlango ukawa unasimama kwa mazoea tu.

Basi siku moja mwaka 2023 tulikwenda msibani Magomeni, nyumba nzima, tukarudi baada ya alasiri. Tulikuta ubao wa chini umesukumwa ndani, na jikoni pana nafasi mbili tupu. Moja ilikuwa ya mtungi wa gesi. Mtungi hununuliwa. Nafasi ya pili ilikuwa ya sufuria kubwa la marehemu mama yangu, lile la kupikia wali wa shughuli, ambalo kwa zaidi ya miaka arobaini lilitoka na kurudi kwa mlango huo huo, likienda kwenye harusi, hitima na maulidi za mtaa mzima. Mwizi aliondoka na kitu kimoja chenye bei, na kingine ambacho sikuwahi kujiuliza thamani yake.

Nilidhani kazi iliyokuwa mbele yangu ni kununua mlango, na kwa kuwa fundi atakuwa amekwishafika, kulitengeneza na dirisha la jikoni ambalo nalo lilikuwa limechoka. Kumbe nilikuwa nimewekewa swali. Mtu ana haki kiasi gani ya kujifungia? Na jirani ana haki gani ya kuukuta mlango wazi?

Msomaji asiyezijua nyumba zetu itanibidi nimpitishe ndani kidogo. Kariakoo ilipata jina lake kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza waliowekwa kambi hapa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Viwanja vilipimwa kwa mistari iliyonyooka, na juu yake zikajengwa nyumba za Kiswahili: mlango wa mbele wenye baraza, ukumbi mrefu unaokata katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, na mwisho wa ukumbi unatokea uani penye jiko, bafu, choo na pipa la maji. Uani nako kuna mlango wake, unaotokea uchochoroni. Jiko letu limepakana na mlango huo, na dirisha lake linatazama uchochoro huo huo. Kwa hiyo nikisema mlango wa uani na dirisha la jikoni nasema jambo moja, yaani upande wa nyumba unaotazama nyuma.

Mlango wa mbele ni wa wageni na wa posa, wa mtu wa serikali na wa jeneza. Wa uani ni wa wenyewe. Huko ndiko alikopita mwenye kuomba chumvi na mwenye kuazima kinu. Mke aliyegombana na mumewe na hataki kuonekana barazani. Na katika ile miaka ya 1980, vitu vilipoadimika hata kiberiti kikawa cha kutafutwa, huko ndiko alikopita mtoto aliyetumwa na kifuu cha nazi kuja kuchukua kaa la moto. Mlango wa mbele hupokea heshima ya mtu. Wa uani hupokea shida yake. Nyumba inaweza kuwa na wa mbele uliochongwa kama wa Unguja, nayo ikawa haina mlango wowote kwa mtu mwenye haja.

Sasa nieleze lile ambalo ningependa kulinyamazia. Kulikuwa na kijana aliyetuletea maji. Mabomba yakikauka alikuja asubuhi na mkokoteni wa madumu, akapita mlango wa uani, akajaza pipa, akakaa juu ya dumu tupu akanywa chai na chochote kilichobaki cha jana. Aliniita mama mkubwa. Alijua mtungi ulipo na sufuria lilipo, kwa sababu ndiye aliyekuwa akitusaidia kulibeba lilipoazimwa. Jioni ya wizi ule, vijana wa mtaani walikuja wamesimama mlangoni. Mmoja akaniambia, "Mama, wewe tutajie tu unayemshuku. Mengine tuachie sisi."

Ndugu msomaji, sote tunayajua hayo mengine. Katika mji huu neno mwizi likipigiwa kelele barabarani hutangulia mahakama, na mara nyingi mtu huwa yuko chini kabla hajaulizwa jina. Niliwajibu kwamba simshuku mtu, wakaondoka. Lakini usiku, tukiwa ndani, nilimwambia mdogo wangu wa kiume maneno haya: "Isipokuwa yule wa maji, nani mwingine alijua?" Nilisema kwa sauti ya chini, katika chumba kilichofungwa. Wiki iliyofuata kijana hakuja. Hakuja tena.

Sijui kama alikimbia kwa kuwa aliiba, au kwa kuwa alisikia. Kwa miaka mitatu nilimpa chai na sikumwuliza anakolala, wala jina la baba yake. Nilijiona mwenye mlango wazi, kumbe mlango ulikuwa wazi kwa maji yake tu. Tena nafikiri mara nyingi juu ya jina la mtaa wetu. Tunaishi mahali palipoitwa kwa jina la wapagazi, na kitu kilipopotea, wa kwanza kumfikiria alikuwa mpagazi.

Mdogo wangu hakuwa na swali lolote kuhusu mlango. Alitaka wa chuma, bamba zima, makomeo mawili kwa ndani na kufuli kwa nje. Nilimwambia kwamba mlango wa namna hiyo ni matusi kwa majirani. Kila apitaye uchochoroni atausoma kama barua iliyoandikwa kwake: wewe ni mwizi. Akanijibu kwa utulivu, jibu ambalo lilinikalia kwa siku nyingi.

"Dada," alisema, "matusi ulikwisha kuyatoa. Ungekuwa na mlango mzuri siku ile, usingemtaja yule kijana. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Ukiacha nguo wazi, ndipo unapoanza kuwashuku walio karibu. Kufuli linawalinda majirani na mawazo yako."

Nililigeuza neno hilo kila upande nikaona lina ukweli. Tumezoea kusema kwamba kufuli ni alama ya kutoaminiana. Lakini pana nyumba ambazo kila kitu kiko wazi, na kila kinapopungua kijiko huitwa msichana wa kazi akahojiwa. Anayeacha fedha mezani ili kuonyesha jinsi anavyowaamini watu, kisha akazihesabu kila jioni, amewaonea. Na yule mwenye njaa apitaye penye mlango mbovu, naye ana haki ya kutojaribiwa. Kumlinda mtu asijaribiwe nako ni kumtendea wema. Kwa hiyo mlango imara unaweza kuwa heshima kwa pande mbili: wewe hushuku, naye hashawishiki.

Hata hivyo moyo haukutulia, nikaondoka kwenda kutazama milango yenyewe.

Nilianzia Keko kwa maseremala. Fundi mmoja alinionyesha mlango wa mninga, akaupiga kwa kiganja ili nisikie unavyoitika. Mninga hausumbuliwi ovyo na mchwa, na rangi yake ukiupaka mafuta haihitaji kusifiwa. Lakini mti wenyewe hukua kwa miongo mingi katika misitu ya miyombo huko bara, na ukiukata hutoa utomvu mwekundu kama damu. Bei yake ilinirudisha nyuma hatua mbili. Akanionyesha wa mkongo, ambao nao ni mgumu, kwa bei iliyokaribia ya mfuko wangu. Kisha akanionyesha ile milango myepesi ya mbao za kubandika, yenye uwazi ndani. Huo nilikataa mara moja. Mlango wa uani hunyeshewa, na ule ungevimba masika ya kwanza. Fundi alicheka akasema wateja wengi siku hizi huweka mlango mzito mbele, kwa kuwa ndio unaoonekana, na nyuma wakaweka wowote. Nikakumbuka methali isemayo nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Waliosema hivyo walitaka tusidanganyike na mbao nzuri. Lakini walisema pia kwamba mlango hufunguliwa, mtu akaingia.

Kutoka Keko nikarudi hadi Gerezani kwa mafundi wa kuchomelea. Huko kelele ya chuma haikuachi ufikiri sana. Nilimweleza fundi kwamba nimeshaamua mlango wenyewe uwe wa mbao, na kwa nje uwe na mlango wa pili wa nondo, ili mchana ule wa mbao ukae wazi, hewa na mwanga vipite jikoni, na mtu wa nje aonekane. Akatoa futi yake akaniuliza nondo ziachane kiasi gani. Nikamwambia, "Mwanangu, niachie mahali pamoja pa kupitisha sahani."

Akaacha kupima. "Sahani ya nini, mama?"

"Ya chakula. Mtu akija, nimpe."

Alinitazama kama atazamavyo daktari mgonjwa anayejifanya mzima. "Mama, papitapo sahani hupita mkono. Na mkono ukipita unafika kwenye komeo."

Nilisimama pale Gerezani cheche zikiruka, nikaona kwamba fundi amelimaliza swali langu lote kwa maneno machache. Hakuna tundu linalopitisha wema peke yake. Upana ule ule unaotosha sahani unatosha mkono wa mwizi, na anayetaka usalama kamili hana budi kuziba na sahani. Tunapenda kuamini kwamba tutapata chuma chenye akili, kitakachomtambua mwenye njaa na kumkataa mwovu. Chuma hakina akili hiyo. Mwenye akili hiyo ni mtu, tena mtu aliyepo, anayemtazama aliyekuja usoni.

Fundi alinipa shauri lake: kidirisha kidogo katika nondo, mbali na kitasa, chenye komeo lake. Nilikubali. Usiku nilipolala nikakiona kile kidirisha akilini, nikajiona nikipitisha bakuli la uji kwenye nondo, na mtu wa upande wa pili akilipokea. Niliwahi kuona chakula kikipitishwa hivyo, na si nyumbani kwa mtu. Asubuhi nilirudi nikamwambia fundi akiache kidirisha. Nondo ziwe za kawaida. Ama mlango ufunguliwe mtu aingie, ama usifunguliwe. Lakini nisimlishe binadamu kwa tundu.

Hapo nikabaki na swali kama nilivyoanza nalo, isipokuwa sasa nililielewa zaidi. Nikajiuliza: hapo zamani, mlango ule wa mama ulikaaje wazi kutwa nzima, miaka nenda miaka rudi, na sufuria lisiibiwe? Jibu ambalo wazee hulitoa haraka ni kwamba watu wa zamani walikuwa waaminifu. Siliamini sana. Wezi walikuwapo, na makomeo ya zamani niyajuayo hayakuwa membamba.

Nilipofunga macho na kuitazama picha ya uani kwa makini, niliona kitu ambacho nilikuwa nikikiruka. Niliona mama yangu amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Niliona shangazi anachagua mchele. Niliona mpangaji wa chumba cha nyuma anasukwa nywele, na bibi wa nyumba ya pili aliyekuja kwa dakika moja akakaa mpaka magharibi. Uani hapakuwa na saa ambapo hapakuwa na mtu. Mlango uliweza kukaa wazi kwa sababu mama yangu ndiye aliyekuwa komeo.

Nakiri kwamba wazo hili lilinifurahisha kwanza, kisha likaniumiza. Lilinifurahisha kwa kuwa lilieleza mambo mengi. Nyumba za jirani zimevunjwa moja baada ya moja, hasa tangu miaka ya 1990, zikainuka ghorofa. Na vyumba vya nyumba zilizobaki vimegeuzwa stoo. Vyumba viwili vya kwetu vya mbele vimepangishwa kwa mfanyabiashara anayeweka marobota ya nguo. Marobota hayakai uani. Hayamwoni anayeingia wala hayaitikii hodi. Kadiri watu wanavyopungua ndani ya nyumba, ndivyo chuma kinavyozidi mlangoni. Na sisi tunasema dunia imeharibika, kumbe nyumba imehamwa.

Liliniumiza kwa sababu nilifanya hesabu ya gharama. Mama yangu aliulinda mlango ule kwa siku zake zote. Alitaka kujifunza kushona kwa cherehani huko Ilala, hakwenda, kwa kuwa nani angebaki nyumbani? Mimi nilisoma, nikafanya kazi ofisini zaidi ya miaka thelathini, nikatoka alfajiri na kurudi jioni. Na sijuti hata siku moja. Wanaume wakikaa barazani na kuusifu ukarimu wa zamani, milango wazi, chakula kwa kila apitaye, hawasemi kwamba ukarimu huo ulilipwa kwa maisha ya wanawake waliokuwa hawana ruhusa ya kutoka. Sitaki kuurudisha mlango ule kwa bei ile. Yeyote anayetaka milango iwe wazi tena na atuambie kwanza nani atakaa uani.

Wala jambo hili si la nyumbani tu. Nenda sokoni ukaone. Soko letu kuu, lililofunguliwa mwaka 1975 na kuungua Julai 2021, halikutegemea makufuli peke yake saa za kazi. Muuza nyanya akisikia adhana hatanda kitambaa juu ya fungu lake, humgeukia mwenzake wa meza ya pili akamwambia neno moja: "Niangalizie." Kisha huenda akasali. Kitambaa hakizuii kitu. Kinachozuia ni yule jirani aliyekubali kuwa jicho la mwenziwe kwa robo saa, akijua kesho yeye ndiye atakayetaka kwenda. Neno hilo ni kufuli zuri kuliko yote niliyoyaona Gerezani, ila lina sharti moja: haliuzwi kwa mtu asiyekuwepo.

Hodi yetu nayo ni hivyo hivyo. Qurani, katika sura ya 24, inawafundisha Waislamu wasiingie nyumba zisizo zao mpaka wameomba ruhusa na kuwasalimu wenyewe. Na watu wa pwani, wa dini zote, wameifanya hodi kuwa mlango wa sauti, unaosimama hata pasipo na ubao. Mtu hupiga hodi akasubiri, ingawa hakuna kinachomzuia kupita. Lakini hodi inahitaji karibu. Siku hizi anayekuja hapigi hodi, husimama nje akapiga simu akasema, "Niko getini." Hana kosa. Sauti haivuki bamba la chuma, na huko ndani huenda hakuna wa kuisikia.

Nisisahau dirisha, maana nalo lilinifunza. Lilikuwa na vipande viwili vya mbao na kipande cha khanga kilichokatwa katikati kikawa pazia. Zamani lilitazama ukuta mfupi na mpapai. Leo linatazama ghorofa, na kutoka ngazi zake watu wanaona sufuria langu kabla sijafunua mfuniko. Mdogo wangu alishauri kioo cheusi cha aluminiamu na nondo zilizochomelewa. Wifi alitaka pazia zito. Vyote vingenificha, lakini jikoni kwetu maharage bado hupikwa kwa mkaa hata kama gesi ipo, na hewa mbaya ya mkaa haina harufu ya kumwonya mtu. Imewaua watu waliojifungia nayo usiku wakitafuta joto. Pasipopita jicho la jirani, angalia kama inapita pumzi yako.

Kuhusu nondo za dirisha, nilikataa zisichomelewe moja kwa moja. Mwezi Machi 2001, katika shule ya sekondari ya Kyanguli huko Machakos, Kenya, bweni liliungua usiku wakafa wavulana 67. Mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa kwa kufuli, na madirisha yalikuwa na nondo. Waliozifunga nondo hizo hawakuwa na nia mbaya. Bila shaka walifikiri juu ya wezi, na juu ya watoto watoro. Hakuna aliyejiuliza kizuizi hicho kitamzuia nani siku ambayo hatari itakuwa ndani. Kila kinga ina pande mbili, na upande wa pili ni sisi. Kwa hiyo fundi aliweka nondo zenye bawaba, na ufunguo umening'inia msumarini, mahali ambapo mtoto anaufikia na mkono wa nje haufiki. Juu yake nikaweka wavu wa mbu. Kisha nikaenda Mtaa wa Uhuru nikanunua kitenge chepesi, nikashona pazia la nusu dirisha: sehemu ya chini inanisitiri nikiwa nimejifunga khanga kifuani mbele ya jiko, na ya juu inaacha moshi utoke na mwanga uingie. Nikisimama wima naona uchochoro, na wa uchochoroni ananiona usoni. Hilo nalitaka. Sitiri ya haki humfunika mtu asivunjiwe heshima, wala haimfichi asiulizwe habari.

Mlango ulipachikwa siku ya Jumamosi: wa mkongo kwa ndani, wa nondo kwa nje, kizingiti cha saruji kilichoinuliwa ili maji yasiufikie tena. Mdogo wangu aliutikisa akaridhika. Ndipo nikamwambia sharti langu. Tukiwa hatupo, vyote viwili vifungwe, kwa makomeo yote anayoyataka. Tukiwapo, vyote viwili viwe wazi, na mmoja wetu akae uani. "Mmoja wetu" maana yake si mimi tu. Mimi ni mstaafu na kukaa uani kwangu ni hiari, tena kunanipendeza; lakini Jumamosi na Jumapili ni zamu yake. Alinung'unika. Sasa hukaa pale na gazeti lake, na wifi huenda zake anakotaka.

Sitaki msomaji adhani kwamba tumeurudisha mtaa. Siku nyingi mlango umefungwa, kwa sababu siku nyingi tunazo safari zetu. Uchochoroni wapita njia wengi ni wabeba mizigo wasiotujua wala sisi hatuwajui. Lakini nimepata jibu la kuniwezesha kuishi. Haki ya kujifungia ninayo, na sitaona haya kuitumia nikiwa sipo. Kufuli lenye nguvu huniepusha na dhambi ya kushuku. Haki ya jirani kuukuta mlango wazi nayo ipo, lakini haikai katika mbao. Ni deni la watu waliomo ndani, linalipwa kwa kukaa, na ni lazima ligawanywe kwa wote wanaojivunia jina zuri la nyumba. Anayetaka kulilipa kwa kununua mlango atadaiwa mpaka kufa.

Nilinunua sufuria jingine, dogo kidogo kuliko la mama. Nilimwambia bibi wa nyumba ya pili kwamba lipo. Mwezi wa tatu tangu mlango upachikwe, mjukuu wake alikuja kuliazima kwa ajili ya arobaini. Alikuja kwa nyuma. Nilikuwa jikoni, nikasikia hodi, nikaitika kabla sijajua ni nani.

Yule kijana wa maji nilimtafuta. Nilikwenda wanapojaza madumu, nikauliza kwa sifa zake, kwa kuwa jina lake lote sikulijua. Mmoja alisema amehamia Mbagala, mwingine alisema amerudi kwao. Niliacha ujumbe kwamba mama mkubwa anamwita, kwa heri. Sikusema zaidi, na sidhani kwamba mtu katika hali yake angeuamini wito wa namna hiyo. Kama aliiba, namdai sufuria. Kama hakuiba, ananidai jina lake. Deni la pili ni kubwa kuliko la kwanza, na hakuna fundi wa kunipimia. Kwa hiyo zamu yangu inapofika huketi pale karibu na mlango, nikiwa nimeutazama uchochoro, na mkokoteni ukipita huinua kichwa.